Kilio Kisicho na Maiti

Mjini Kolwezi, ukifunga turubai uani, ukawasha moto mkubwa na kutandika mikeka, uwe na maiti. Usipokuwa nayo, watu watakutafutia. Mama Micheline alizaliwa mtaa wa Manika, akakulia Manika, akaolewa Manika, na vilio alivyolala ni vingi kuliko harusi alizocheza. Jambo hilo alilijua vizuri. Lakini siku alipofunga turubai halikumjia akilini hata kidogo, kwa sababu alikuwa akifikiria baridi.

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka ule wa Korona. Wasioijua Katanga hudhani Kongo nzima ni joto na mvua. Waje Kolwezi mwezi wa sita, walale nje, halafu waseme. Na mwaka ule waliolala nje walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu ambayo mgeni hawezi kuikisia: serikali ilikuwa imekataza vilio.

Mtu akifa katika mji ule, jamaa na majirani huja kukaa na wafiwa mchana na usiku, mpaka azikwe na baada ya kuzikwa. Wanawake hulala ndani, wanaume hulala nje kando ya moto. Chakula kipo, nyimbo zipo, na hakuna mwenye adabu anayemuuliza mwombolezaji, "Wewe nani, na marehemu ulimjulia wapi?" Basi wale vijana na watu wazima waliotoka mbali kuja kuchimba shaba na kobalti, wakaumia au wakafukuzwa mashimoni, wakabaki bila kazi wala nyumba, walikuwa wamejipatia makao humo. Leo walilala kwenye kilio cha Kasulo, wiki ijayo cha Dilala. Walipasua kuni, walichota maji, walijua kila wimbo mpaka ubeti wa mwisho, na walilia vizuri kuliko wajukuu wa marehemu. Watu waliwajua na hawakuwasema. Mji ulikuwa umejipanga hivyo wenyewe, bila mkutano wala hotuba.

Ikaja Korona. Maiti ikawa inatolewa hospitali moja kwa moja mpaka makaburini, watu wachache, barakoa usoni, kisha kila mtu aende kwake. Wenye kwao walienda.

Asubuhi moja Micheline alipita mbele ya kanisa la Methodisti, lililokuwa limefungwa kama makanisa yote, akamkuta mtu amejikunja barazani ndani ya gunia. Alimwamkia. Yule mtu alifungua mdomo kujibu, meno yakagongana, salamu haikutoka. Hapo Micheline akamtambua. Alikuwa Kalenga, mtu wa kutoka Sandoa, mwenye mguu ulioangukiwa na udongo shimoni. Mwaka uliotangulia, mama yake Micheline alipofariki, huyu ndiye aliyepasua kuni zote na kuimba mpaka sauti ikakauka. Alimlilia mama wa mtu kama mama yake, na Micheline hakuwahi hata kumpa asante. Hata jina lake alilijua kwa kusikia wengine wakimwita. Aliona aibu, na aibu ikamgeuka hasira, maana ndivyo alivyo Micheline: kila linalomuuma humtokea kama ugomvi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Adèle, mwenyekiti wa Kipendano, kundi la akina mama wa kanisa. Adèle ni mwanamke wa maneno machache na mikono minene.

"Kanisa inafungwa," alisema Adèle. "Lakini masufuria ya kanisa, nani aliifunga?"

Wakakubaliana wapikie uani kwa Micheline. Ua wake, au lupango kama wanavyosema kule, ulikuwa mpana, na mume wake hakuwapo.

Mume huyo, Lucien, alikuwa dereva wa gari kubwa la mawe katika mgodi mmoja upande wa Fungurume. Ugonjwa ulipoingia nchini, wakubwa wa mgodi waliwafungia wafanyakazi ndani: wale humo, walale humo, wafanye kazi humo, mpaka hali itulie. Atakayetaka kutoka atoke, hakushikwa mtu, ila akishavuka kizuizi cha langoni asirudi tena. Nje walijaa madereva wasio na kazi wakisubiri mtu achoke. Lucien hakuchoka. Alivumilia wiki baada ya wiki, akimpigia mkewe simu karibu kila jioni.

Na Micheline alimweleza kila kitu: bei ya unga, mafua ya binti yao Gloire, kuku aliyepotea. Kila kitu isipokuwa wageni. Lucien si mtu mbaya, tusimsingizie. Ila ni mtu wa lupango lake. Kuku wa jirani akiingia kwake humsindikiza mwenyewe mpaka nje. Kila jioni Micheline alijiambia atamwambia kesho, na zile kesho zikajipanga foleni. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mwanzoni wageni walikuwa wakinawa, wakila bukari, ugali wa kule, na sombe ya majani ya muhogo, wakishukuru, kisha wakitawanyika kwenda kulala walikojua wao. Lakini baridi ilivyozidi, wakaanza kurudi asubuhi wakikohoa kikohozi kikavu, na mji mzima siku zile ulikuwa ukiogopa kikohozi kuliko risasi. Adèle akasema kumlisha mtu mchana na kumwacha agande usiku ni kazi ya nusu. Akaenda kanisani akaleta turubai. Lilikuwa turubai la vilio la kanisa, lipi lingine wangekuwa nalo? Wakalifunga, wakatandika mikeka kwa kuachanisha, wakahakikisha watu hawafiki ishirini kama serikali ilivyoagiza, wakawasha moto. Kesho yake wageni walilala mpaka jua likapanda, kwa kuwa ni muda mrefu hawakuwa wamelala usingizi wa kweli.

Hapo ndipo alipopita Mama Simone, jirani wa barabara ya pili, mfuko wa makaa kichwani.

Aliona turubai. Aliona moto, masufuria makubwa, wanaume wamelala kwenye mikeka mchana kweupe. Alimwona Micheline akiingia jikoni amefunga kitambaa kichwani. Hesabu ilikuwa rahisi. Nyumba ile ina watu watatu: baba yuko mgodini, mama ndiye huyo anatembea, amebaki nani? Simone alisimama barabarani akampigia simu mdogo wake Dady, aliyefanya kazi pamoja na Lucien. Kisha akashusha makaa, akafungua kilemba, akaweka mikono kichwani na kuingia.

"Mawee! Gloire weee! Mutoto wetu! Unatuachia nani, Gloire?"

Chini ya turubai watu walishtuka usingizini. Mazoea yana taabu. Kalenga, macho bado hayajafunguka sawasawa, akaanzisha wimbo, na wenzake wakaupokea kwa sauti nne. Kabla Micheline hajatoka jikoni na mwiko wake, kilio kilikuwa kimekolea kweli.

"Nani alikufwa?" aliuliza, na moyo ukimdunda, kwa maana kilio kizuri humshika hata asiye na msiba.

"Si mutoto yako!" Simone alijibu kwikwi zikimkata.

"Mutoto yangu? Gloire? Alitoka hapa sasa hivi! Nani alikuambia anakufwa?"

"Bâche njo iliniambia!" Simone alionyesha turubai: ndilo lililomwambia.

Micheline alimweleza. Gloire alikuwa mzima, ameondoka na Mama Adèle kumpelekea chakula bibi mmoja aliyelala kule stesheni ya treni, ambaye miguu yake haikuweza kufika. Simone alisikiliza, akajifuta uso, akafunga kilemba, na akakasirika kabisa. Hakuna anayependa kupoteza machozi yake bure.

"Mutu gani anafunga bâche ya kilio na hakuna maiti? Unaita kifo mu nyumba yako, Micheline."

Makaa aliyaacha, kwa kuwa kilicholetwa kwenye kilio hakibebwi tena kurudi nyumbani, kilio cha kweli au cha uongo. Alipofika mlangoni akasimama.

"Lakini," alisema, na sauti imepungua, "nilishapigia Dady."

Micheline hakuwahi hata kumjibu. Simu yake ya vitufe ilikuwa inalia mfukoni.

"Micheline." Ilikuwa sauti ya Lucien, nyembamba kama si yake.

"Lucien. Usisikilize bantu. Hakuna kitu huku."

Na Micheline, kabla hata hajameza mate, alijua amekosea. Katika mji ule habari ya kifo haitolewi kwenye simu. Mtu aliye mbali haambiwi "fulani amekufa" akaanguka barabarani peke yake. Huambiwa hakuna kitu. Huambiwa mama anaumwa kidogo, njoo tumwone. Lucien mwenyewe ndiye aliyemwambia Micheline hakuna kitu siku mama yake alipokuwa ameshalazwa chumba cha maiti. Kwenye simu, "hakuna kitu" ndilo jina la kitu chenyewe.

"Nasikia bantu beko naimba," alisema Lucien.

Kweli walikuwa wakiimba. Walikuwa wamefika ubeti wa tatu na hawakuona sababu ya kuukata katikati.

"Beko naimba tu."

"Unipatie Gloire."

"Haiko," alisema Micheline. "Alishaenda."

Neno lilipotoka ndipo alipolisikia. Wangapi katika mji ule husema wazi kwamba mtu amekufa? Husema alituacha. Husema alienda. Alifungua mdomo kuongeza kwamba alienda stesheni, na sahani mkononi, na atarudi sasa hivi, lakini Lucien alikuwa ameshakata.

Alimpigia tena na tena. Haikupokelewa. Akamwomba Simone namba ya Dady.

"Mama Gloire," alisema Dady kwa sauti ya kanisani. "Kaza roho."

"Dady, unisikilize. Gloire ni muzima!"

"Ndiyo, mama. Ni muzima. Hata sisi njo tunamuambia vile, anagonjwa tu kidogo. Tunamuchunga."

"Hapana, ni muzima kweli!"

"Ndiyo, mama. Kweli."

Simone akampokonya simu na kupiga kelele kwamba alijidanganya, hakuna kilio, ni akina mama wa Kipendano wanalisha watu. Dady alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, akasema anaelewa, wamemkataza kusema ukweli. Kisha akaeleza kwamba wakubwa wamempa Lucien ruhusa, wamempa na pole, na gari la kumtoa limeshawashwa.

"Na kazi yake?" aliuliza Micheline.

"Mama, akivuka barrière, inaisha. Kuko mwingine atapanda mu camion yake leo leo. Lakini kazi na mutoto, mutu atachagua nini?"

Micheline aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu ugonjwa uanze. Aliona yote kwa mara moja: Lucien anashuka hapa jioni kuja kumzika mtoto mzima, anakuta amepoteza kazi kwa sababu ya turubai ambalo hakuombwa ruhusa yake. Atalikata kwa panga. Atakuwa na haki. Na watu hawa watarudi kwenye magunia, na yeye hatakuwa na mdomo wa kumtetea hata mmoja. Mmoja wa wageni, Sadrack, alikuwa ameshatimka mbio kuelekea stesheni kumtafuta Gloire. Lakini stesheni ni mbali, na gari la mgodi halikuwa likimsubiri Sadrack.

"Dady," alisema, "kimbia. Umupatie simu yako mbele ya kuvuka barrière."

Alisikia Dady akikimbia, viatu vizito juu ya kokoto, injini ikinguruma, watu wakisema pole, tata, pole. Kisha pumzi za mumewe.

"Lucien, tafazali. Mutoto ni muzima. Minakuapia kwa Mungu."

"Sawa, bibi yangu," alisema Lucien. "Usilie peke yako. Niko nakuya."

Alisema kwa upole ambao Micheline hakuwa ameusikia kwake tangu wakiwa wachumba. Upole ule ndio uliomshinda. Amehangaika, ameapa, ameita Mungu shahidi, na huyu mwanamume anambembeleza kama mfiwa! Hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Lucien, uko mujinga?"

Chini ya turubai wimbo ukakatika.

"Uko mujinga? Unasikiliza Dady, unasikiliza Simone, unasikiliza bale ba pole, pole! Bibi yako mwenyewe, hapana! Unataka kujua ni nani iko naimba? Ni bacreuseurs, ba kuchimba mashimo! Bale ba kulala inje! Nilibaleta miye, mu lupango yako, bila kukulomba ruhusa! Tangu mwezi wa tano banakula hapa, na miye nilikuficha, juu najua roho yako! Na mbao zako za nyumba ya kuku, usizitafute, tulizichoma! Na ile koti yako ya cuir, ya Lubumbashi, nilipatia Kalenga! Anaivaa! Niko namuangalia hapa!"

Kalenga, ambaye kweli alikuwa amelivaa koti hilo la ngozi, alianza kulivua taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili.

Upande wa pili injini iliendelea kunguruma. Micheline alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, na mtu akimhimiza Lucien apande.

"Koti gani?" aliuliza Lucien.

"Ya cuir."

"Koti yangu ya cuir?"

"Ndiyo!"

"Micheline! Ile koti, hata miye mwenyewe sijaizoea! Naitunza ya Noeli, weye unapatia mutu wa njia?"

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye hasira zake timamu. Na wote wawili waliisikia kwa pamoja, kwa kuwa katika mji ule mfiwa hatukanwi. Hata akimwaga sufuria la chakula cha watu wote huambiwa pole. Hakuna mke anayemwita mumewe mjinga wakati mtoto wao hajazikwa, na hakuna baba anayeenda kuzika mtoto akauliza habari za koti. Lucien alisema polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu:

"Micheline. Gloire ni muzima."

"Si njo nilikuambia."

"Ni muzima kweli."

"Lucien, uko wapi?"

"Pa barrière. Muguu moja iko mu voiture."

"Uitoe."

Alisikia mlango ukifungwa, na Dady akiuliza nini, nini tena, na injini ikizimwa. Alikaa chini palepale, karibu na moto, akalia. Hakuwa amelia hivyo hata kwa mama yake, na wale waliokuwa wamezoea kulia vilio vya watu walimtazama wasijue wafanye nini, maana hawakuwahi kuona mtu akilia kwa furaha.

Mama Simone, ambaye hakuwa ameondoka, alimshika bega na kumpa kilemba chake ajifute.

Gloire aliingia akihema, Sadrack nyuma yake, Adèle nyuma zaidi na sahani tupu. Micheline alimpa simu.

"Papa?" alisema Gloire. Alisubiri. Akawatazama watu. "Mama, papa hasemi kitu. Iko nalia tu."

Aliendelea kushika simu sikioni, akimwambia baba yake kwamba mafua yamekwisha, kwamba yule kuku alionekana, kwamba bibi wa stesheni anapenda sombe yenye chumvi nyingi. Alipomaliza, akasema baba anamtaka mama.

Micheline alisimama kupokea simu. Sasa Lucien angesema bantu bale waondoke. Ameyavulia maji nguo, hana budi kuyaoga. Alimtazama Adèle, akazitazama kamba za turubai, akawaza aanze kufungua ipi kwanza. Kalenga alikuwa amelikunja koti vizuri na kuliweka juu ya mkeka, mikono yake imejikunyata kifuani.

"Beko bangapi?" aliuliza Lucien.

"Bengi."

"Banakohoa?"

"Balikuwa nakohoa. Leo hapana. Leo balilala."

Mlinzi wa langoni alikuwa akimwita Lucien kwa nyuma, achague, ndani au nje, kizuizi hakiwezi kukaa wazi, na Lucien akamjibu, ndani.

"Nilikukasirikia sana," alimwambia mkewe. "Bado nakasirika. Nitakuya, tutasemezana."

"Ndiyo."

"Na ule Kalenga. Koti yangu aniregeshee."

"Hata leo, Lucien. Anaivua tayari."

"Sisemi leo," alisema Lucien. "Leo iko baridi. Aniregeshee siku baridi itaisha."